Asumini nyuma ya nyumba: namna ya kupanda bustani ya manukato pwani

Kabla hujashika jembe, shika chetezo. Weka makaa mawili matatu, tia ubani, kisha toka nacho uani saa mbili za usiku, watu wakiwa wamekwisha kula. Simama pale mnapopendelea kukaa kupunga upepo, au chini ya dirisha la chumba cha kulala, uangalie moshi unaelekea upande gani, ujue upepo unatoka upande gani. Rudia usiku wa pili na wa tatu. Bustani ya kupendeza macho unaweza kuipanga mchana kwa kamba na vijiti. Ya manukato hupangwa kwa upepo, na upepo wenyewe ni wa usiku.

Mimi sikufanya hivyo. Asumini yangu ya kwanza niliipanda penye geti, nikidhani ndipo wageni watakapoipokea vizuri. Ilishika, ikachanua, na majirani wakawa wananisifia jinsi inavyonukia usiku. Mimi niliyekuwa naimwagilia nilikuwa nakaa upenuni nikisikia harufu ya samaki wa kukaanga wa nyumba ya tatu.

Mwongozo huu ni wa ua mdogo wa pwani, Tanga, Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na kwingineko penye joto, mchanga na mawe ya chokaa. Mimea ni ile ya kikuba, kile kishada cha maua ya manukato kinachobandikwa kwenye nguo, na koja, maua yaliyotungwa kwa uzi: asumini, mrehani, mlangilangi (mti wa ylang-ylang), na mhina wa kuizungushia. Ukiwa Lushoto au Arusha, ya udongo na ya upepo hayatakufaa sana, ila ya kupogoa yatakufaa.

1. Chagua mahali

Mchana upepo wetu hutoka baharini. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi huanza Aprili au Mei ikaenda hadi Septemba. Lakini asumini hufunguka jua linapozama na hunukia usiku, na usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo mwepesi ukatoka bara kwenda baharini. Ndio ule wavuvi wanaouita umande. Kwa hiyo mmea uliouweka upande wa bahari ukitegemea upepo wa alasiri unaweza kupeleka harufu yake yote kwa jirani. Kusi ikipamba moto umande humezwa, ndiyo maana jaribio la ubani lifanywe zaidi ya mara moja, na mwenye subira alifanye misimu miwili.

Panda asumini upande upepo unakotokea, yaani kinyume cha moshi unakoelekea, mita 2 hadi 4 kutoka mnapokaa. Karibu zaidi ya hapo, na hasa dirishani kabisa, wengine huumwa kichwa. Mlangilangi ndio mkali zaidi; huo upeleke mbali.

Halafu kagua jua. Asumini inataka kupigwa na jua kwa muda wa saa sita kila siku. Chini ya mwembe itakupa majani mazuri ya kijani na maua ya kuhesabu kwa vidole. Kagua pia ukuta: acha nusu mita kati ya shina na ukuta, kwa sababu plasta hudondosha chokaa mvua zinaponyesha na mkondo wa maji ya bati huchimbua mizizi. Karo la maji taka lisiwe karibu na mlangilangi kwa chini ya mita 5.

Kama unaiona bahari kutoka uani, upepo wake una chumvi na utaunguza ncha za majani. Tanguliza safu ya mihina upande huo, mche na mche nusu mita. Mhina huvumilia ukame na upepo, hupogolewa ukawa kama ukuta, maua yake madogo yana harufu yake, na majani utayatwanga siku ya harusi.

2. Ujue udongo wako

Hapa ndipo bustani nyingi za pwani zinapokufia, na mwenye nyumba akasema hana mkono wa kupanda.

Chota udongo mkavu kiasi cha kiganja kutoka kina cha shubiri moja, uweke kwenye sahani, umwagie siki kidogo. Ukichemka na kutoa povu, una chokaa. Sehemu kubwa ya pwani nyumba zimekaa juu ya matumbawe ya kale, kwa hiyo usishangae. Uani kwa nyumba mpya kuna chokaa ya pili: saruji. Kwangu, nilipochimba, nilikuta fundi amefukia mifuko ya saruji iliyoganda, vigae na nusu ya tofali chini ya kile alichokiita bustani. Toa vifusi vyote hadi kina cha sentimita 40. Hakuna mbolea itakayoondoa saruji.

Chokaa hudhuru asumini kwa njia isiyoonekana. Chuma kinaweza kuwa kimo tele udongoni, lakini penye chokaa nyingi mizizi haiwezi kukichukua. Dalili yake ijue: majani machanga ya juu yanakuwa ya manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, kama ramani. Ukiona yale ya chini, ya zamani, ndiyo yamegeuka manjano jani zima, hiyo ni njaa ya kawaida ya nitrojeni na samadi itaimaliza. Watu huchanganya hizi mbili.

Na sasa majivu. Tumelelewa tukiambiwa majivu ni mbolea, na kweli yana potasiamu. Lakini majivu yanafanya kazi ileile ya chokaa. Nilimwagia asumini yangu majivu ya jikoni miezi miwili mfululizo, ikazidi kupauka. Bibi mmoja wa mtaani alipita, akasimama, akaniuliza: "Mwanangu, mti umeupanda juu ya jiwe la chokaa, halafu unauongezea jivu?" Majivu yapeleke kwenye udongo mwekundu wa bara. Pwani, yaache jalalani.

Mwisho, jaribu maji. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze, liache linywe, kisha lijaze tena. Mara ya pili likikaa na maji usiku kucha, chini kuna mwamba au udongo mgumu, na tuta lako lazima liinuke zaidi.

3. Inua tuta

Badala ya kupigana na udongo wa chini, panda juu yake. Tuta la urefu wa mita 3, upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 25 linatosha asumini tatu na mrehani wa kutosha familia. Upana usizidi mita 1.2 kama unalifikia pande zote mbili. Likiwa limeegemea ukuta, sentimita 70, la sivyo utakuwa unalikanyaga kila unapopalilia. Kingo zijenge kwa chochote kisicho na saruji: matofali ya kuchoma yaliyopangwa bila udongo, magogo ya mnazi, hata chupa zilizopinduliwa. Mawe ya matumbawe yanapendeza, najua. Yaache kwa ajili ya njia.

Tuta hilo litameza karibu ndoo 38 za lita 20. Mimi huweka ndoo 25 za udongo mweusi na 13 za samadi iliyooza au mboji. Udongo wa kununua uangalie kabla haujamwagwa: ukiwa na vipande vya makombe umechotwa pwani, na umerudi pale pale. Samadi ya ng'ombe iwe imekaa miezi mitatu na zaidi; ukiishika haina joto, hainuki, na huwezi tena kutambua nyasi zilizoliwa. Ya kuku ni kali, tumia nusu ya kiasi hicho. Samadi mbichi huunguza mizizi michanga, na huleta magugu ya malisho yote ya ng'ombe yule.

Changanya, mwagilia, liache tuta likae wiki mbili. Litashuka kidogo. Fanya kazi hii Februari ili ukutane na masika tayari, au Septemba ukiwa unangoja vuli.

4. Pata miche

Asumini hainunuliwi, huombwa. Tafuta nyumba yenye kichaka kinachokupendeza harufu, bisha hodi jioni, na usiende mikono mitupu. Zipo za aina zaidi ya moja: ya tabaka moja, yenye maua mepesi na mengi, na iliyojaa kama kijiwaridi, ambayo hutoa machache lakini mazito. Kwa koja chukua ya kwanza, kwa sababu hutungika vizuri na huchanua bila kuringa.

Kata tawi ambalo si laini la juu wala si gumu la chini, lile linalopinda kabla ya kuvunjika. Kipande kiwe na urefu wa sentimita 10 hadi 15 na vifundo vitatu. Kata chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, yale mawili ya juu yapunguze nusu. Chomeka kwenye mchanga wa mtoni (wa baharini una chumvi) ukiwa umeloa, kivulini, vifundo viwili vikiwa chini. Funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako na kuachwa bila kifuniko. Wiki 4 hadi 6 utaona machipukizi. Usivute kuangalia mizizi! Kila anayeanza huvuta. Chomeka vipande sita ukitaka miche mitatu.

Njia isiyo na wasiwasi ni kulaza tawi: tawi refu la kichaka cha mwenzako liiname hadi chini, kifundo kimoja kikwaruzwe kidogo na kufukiwa, jiwe juu, ncha ibaki nje. Baada ya miezi miwili mitatu kata, uondoke na mche wenye mizizi yake. Inahitaji uwe na uhusiano mzuri na mwenye kichaka kwa muda wote huo.

Mrehani huoteshwa kwa mbegu. Zinyunyize juu, zifunike kwa udongo mwembamba sana, siku 5 hadi 10 zimetoka. Ziachanishe sentimita 30. Mrehani hauishi sana, kwa hiyo otesha upya kila miezi mitatu.

Mkadi, najua utauliza. Kikuba bila mkadi wengine hawakihesabu. Lakini ni mti wa miiba unaotaka nafasi ya gari dogo, na ua lenye harufu hutoka kwenye mti dume tu. Ukiwa na shamba, chukua chipukizi la mti uliouona ukichanua. Ukiwa na ua wa nyumba, nunua ua lake sokoni.

Kuhusu waridi nasema wazi: pwani sikushauri. Joto na unyevu huleta madoa meusi, majani yakapukutika, ukawa mtumwa wa dawa. Wakenya hawakuyapeleka mashamba yao ya waridi Naivasha kwa bahati mbaya. Kule juu usiku ni baridi. Ukishikilia, lipe mahali pa jua la asubuhi, mwagilia shinani bila kulowesha majani, na okota kila jani lenye madoa linaloanguka.

5. Kupanda

Panda jioni, baada ya mvua za kwanza kuingia ardhini. Shimo la asumini liwe sentimita 40 kila upande, mche na mche mita 1. Shina likae kina kilekile lilichokuwa nacho. Shindilia kwa kiganja, si kwa mguu, umwage lita 5 polepole.

Kisha matandazo, kimo cha vidole vinne, yasiguse shina. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ni mazuri kuliko nyasi kwa sababu hayaozi upesi na mchwa hawayapendi sana. Kama yametoka kwa wasuka kamba yalikuwa yamefukiwa pwani, kwa hiyo yaloweke na kuyasuuza mara mbili tatu kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

6. Maji

Mwezi wa kwanza, lita 5 kila baada ya siku moja kama hakuna mvua. Baada ya hapo mara mbili kwa wiki, lakini maji mengi. Kunyunyiza kidogo kila jioni, kazi ambayo watoto huipenda, hulowesha matandazo tu na mizizi hubaki juu ikitafuta.

Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na kiangazi chumvi huzidi kwa sababu maji baridi ya juu yamepungua. Kingo za majani zikikauka kuanzia nchani, ndiyo hiyo. Dawa ni kumwaga maji mengi kwa mpigo yasukume chumvi chini, na kukinga mvua. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 1,000 kasoro zinazopotea. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe bati kwanza.

Ndoo na vibakuli chini ya vyungu visikae na maji. Mbu wa homa ya dengi anazaa humo, na Dar es Salaam tuliionja mwaka 2014 na tena 2019. Bustani isiwe sababu.

7. Pogoa bila huruma

Asumini hutoa maua kwenye machipukizi mapya. Huna haja ya kukumbuka jambo jingine lolote kuhusu kupogoa. Kichaka kisichokatwa huwa mzee, kirefu, mifupa mitupu chini na maua manne juu usikofika. Kila wimbi la maua likiisha, kata theluthi ya kila tawi, juu kidogo ya jozi ya majani. Mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli, kata kwa nguvu zaidi, ubakishe kimo cha goti hadi paja, na uweke nusu ndoo ya samadi kuzunguka kila shina. Rudia samadi kabla ya masika. Mbolea za dukani zenye nitrojeni nyingi zitakupa msitu usio na ua.

Mlangilangi ukiuachia utakuwa mti wa zaidi ya mita 10, na maua yako yatachumwa na ndege. Fanya kama wanavyofanya Komoro, ambako mafuta yake ni zao la kuuzwa nje: mti ukifika mita 2 kata kilele, kisha matawi yainamishe kwa kamba yafikiwe kwa mkono. Mwaka wa pili au wa tatu utaanza kuchanua.

Mrehani, vunja ncha kila zinapoanza maua ukitaka majani. Kwa kikuba, acha vichwa vichanue.

8. Wadudu

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shinani, usihangaike nao. Wanafuata vidukari kwa ajili ya utamu wanaotoa. Geuza majani machanga utawakuta. Sabuni ya mche, kijiko kimoja cha chai kilichokwanguliwa kwa lita moja ya maji, nyunyiza chini ya majani jioni, rudia baada ya siku tano. Si sabuni ya unga, hiyo inaunguza. Kwa inzi weupe, twanga kilo moja ya majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha katika lita 5, chuja, nyunyiza. Usinyunyize chochote kwenye matumba unayotarajia kuyavaa.

Kwa manjano ya ramani niliyoyataja, ongeza mboji na matandazo, na kama mmea umechoka sana ulizia duka la pembejeo dawa ya chuma ya kunyunyiza majanini. Ukiimwaga chini, chokaa itaifunga kwa njia ileile.

9. Kuchuma

Asumini huchumwa kati ya alasiri na magharibi, matumba yakiwa meupe, yamenenepa, bado yamefumba. La kijani halitafunguka, lililofunguka halifiki saa nne za usiku. Yafunge kwenye kitambaa chenye unyevu au jani la mgomba, usiyamwagie maji. Tunga kwa sindano nyembamba kupitia kwenye kile kimrija cha ua, yakielekea upande mmoja kama unataka koja, au kupishana kama unataka mviringo. Yatafunguka yakiwa tayari yamevaliwa.

Langilangi halina haraka hiyo. Likitoka ni la kijani na halina harufu ya maana. Lisubiri wiki mbili tatu ligeuke manjano kabisa, ulichume alfajiri kabla jua halijalipata. Petali zake ndefu zifunge pamoja na asumini na kichwa cha mrehani, uzi mara tatu, pini nyuma.

Asubuhi utakuta asumini imegeuka rangi ya chai juu ya mto wa kulalia. Ikusanye, toa uzi, uirudishe kwenye tuta chini ya matandazo.